Kutogawa na Kushindwa Kugawa: Kodi ya Ziada kwa Faida Inayobakizwa na Kampuni

Miongoni mwa kanuni za kodi ya mapato imo moja inayomshangaza kila anayekutana nayo kwa mara ya kwanza. Kampuni imepata faida, imetoa hesabu zake kwa wakati, haikuficha kitu, imelipa kodi ya faida hiyo, na bado inadaiwa kodi nyingine juu ya ile ya kwanza. Sababu ya deni hilo la pili ni kwamba faida iliyobaki baada ya kodi haikugawanywa kwa wenye hisa. Imekaa tu ndani ya kampuni. Wanafunzi wa uhasibu hukariri kanuni hii bila kujua ilikotoka. Wafasiri nao huiharibu mapema, mara nyingi katika kitenzi cha kwanza kabisa, kama tutakavyoona. Sheria ya India ndiyo iliyoiandika kodi hii kwa urefu kuliko nyingi, kwa hiyo tutaifuata hiyo, na pamoja nayo shauri moja la Tanganyika ambalo majaji wa India wenyewe walilitegemea.

Tuanze na gawio. Neno hili, ambalo wingi wake ni magawio, limetokana na kitenzi gawa, na ni sehemu ya faida ambayo kampuni humlipa mwanahisa kwa kadiri ya hisa zake. Magazeti ya Tanzania yamelizoesha kiasi kwamba halihitaji tena maelezo. Nchini Kenya husikika pia mgao wa faida. Anayetumia mgao asiache kuongeza "wa faida", kwa kuwa kwa msomaji wa Dar es Salaam neno mgao likisimama peke yake humkumbusha umeme uliokatika. Faida ambayo haikutolewa gawio huitwa faida isiyogawanywa, au faida iliyobakizwa. Kuna wanaoiita faida iliyolimbikizwa, na neno hilo tutalirudia, maana limebeba hukumu ndani yake.

Kwa nini serikali ijali kampuni inafanya nini na fedha zake? Jibu limo katika tofauti ya viwango viwili. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, nayo hulipa kodi kwa kiwango kimoja kisichobadilika. Mwanahisa ni mtu wa nyama na damu, na kodi yake hupanda kadiri mapato yake yanavyopanda. Kiwango cha juu cha mtu binafsi kikizidi sana kile cha kampuni, tajiri mwenye kampuni yake hupata mahali pa kujificha. Hajilipi gawio. Huiacha faida ndani ya kampuni, mwaka baada ya mwaka, ikiwa imetozwa kiwango cha chini. Akihitaji fedha hukopa kutoka kampuni hiyohiyo, au husubiri auze hisa zilizokwisha kunenepa. Nchini India, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mtu binafsi, pamoja na nyongeza zake, kilifikia asilimia 97.75. Katika hali kama hiyo hakuna mwenye kampuni aliyehitaji mshauri wa kumweleza kwamba gawio ni hasara.

Ndiyo maana kanuni hii haikuzigusa kampuni zote. Kampuni yenye maelfu ya wanahisa wasiojuana haiwezi kuzuia gawio kwa manufaa ya mtu mmoja, kwani wanahisa wadogo wangepiga kelele mkutanoni. Iliyolengwa ni kampuni ya watu wachache, ya ukoo au ya marafiki, ambamo anayeamua gawio ndiye atakayelipokea. Sheria ya India ilizitaja kwa maneno ya mzunguko: kampuni ambazo umma hauna maslahi makubwa ndani yake. Hapa mfasiri ajihadhari na kampuni ya umma. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili maneno hayo yana maana ya shirika la serikali, ilhali sheria za kampuni huzungumzia kampuni ambayo hisa zake zaweza kununuliwa na mtu yeyote. Ni salama zaidi kusema kampuni yenye hisa zilizo wazi kwa umma, hata kama sentensi itarefuka.

Uingereza iliweka kanuni ya namna hii mwaka 1922, na India ikaifuata mwaka 1930 kwa kuingiza kifungu cha 23A katika sheria yake ya kodi ya mapato ya 1922. Kwa miaka mingi kifungu hicho hakikuweka kodi mpya hata kidogo. Kilitumia njia ambayo wanasheria huipenda na watu wa kawaida huishangaa: jambo lisilotokea huhesabiwa kuwa limetokea. Kampuni ikigawa chini ya asilimia 60 ya faida iliyobaki baada ya kodi, ofisa wa kodi alitoa amri, na faida isiyogawanywa ikahesabiwa kuwa imegawanywa kwa wanahisa. Kila mmoja akatozwa kwa kiwango chake juu ya gawio ambalo hakulipata kamwe. Mwaka 1955 India iliiacha njia hiyo. Badala ya kumfuata mwanahisa kwa fedha asizozipokea, ikaitoza kampuni yenyewe kodi ya ziada.

Marekani ilipita njia hiyohiyo kabla ya India. Sheria yake ya 1913 ilimtoza mwanahisa sehemu yake ya faida isiyogawanywa pale kampuni ilipoundwa kwa hila ya kukwepa kodi. Mwaka 1920 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Eisner dhidi ya Macomber, iliamua kwamba hisa za nyongeza alizopewa mwanahisa hazikuwa mapato, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimetengwa na mali ya kampuni na kumfikia mkononi. Uamuzi huo ulitia shaka uhalali wa kumtoza mtu kwa faida iliyomo bado ndani ya kampuni, na mwaka uliofuata Bunge likahamishia mzigo kwa kampuni.

Tofauti ya njia hizi mbili lazima ionekane katika tafsiri. Katika ile ya kwanza anayetozwa ni mwanahisa, na neno linalobeba uzito ni kuhesabiwa: faida itahesabiwa kuwa imegawanywa. Wapo wanaoandika itachukuliwa kuwa imegawanywa, na si makosa, lakini kuchukulia huelekea kwenye dhana na maoni ya mtu, ambapo kuhesabu kunafaa zaidi kwa jambo ambalo sheria imekwisha kuliamua na haliruhusu ushahidi wa kulipinga. Katika njia ya pili anayetozwa ni kampuni, na hapo ndipo kodi ya ziada inapostahili jina lake. Kwa wasomaji wa Kenya ni vyema kuandika kodi ya mapato ya ziada, kwa sababu neno ziada limekwisha kuzoeleka huko katika jina la ushuru unaotozwa bidhaa na huduma madukani.

Sheria mpya ya India ya mwaka 1961 iliipanga kodi hiyo katika vifungu vya 104 hadi 109. Kwanza ilitafutwa faida inayoweza kugawanywa, yaani, kwa ufupi, mapato ya kampuni baada ya kutoa kodi na makato mengine machache. Kisha iliangaliwa kama kampuni, ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kwisha, imegawa sehemu iliyotakiwa na sheria. Ikiwa haikufikia, ilitozwa asilimia 50 kama ni kampuni ya uwekezaji, asilimia 37 kama ni ya biashara ya kununua na kuuza, na asilimia 25 kama ni ya aina nyingine.

Swali ni asilimia hizo zilitozwa juu ya nini, na hapa wengi hukosea. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa shilingi, ili hesabu ionekane. Kampuni ya aina ya tatu imebakiwa na milioni 70 baada ya kodi, nayo inatakiwa kugawa asilimia 60, yaani milioni 42. Imegawa milioni 30. Msomaji wa haraka atasema imepungukiwa milioni 12, basi itozwe robo ya hizo, milioni 3. Sivyo. Sheria ilitoza salio lote lisilogawanywa, yaani 70 kutoa 30, ambalo ni milioni 40. Robo yake ni milioni 10. Kampuni iliyogawa 42 haikudaiwa kitu kwa zile 28 ilizobakiza, lakini iliyogawa pungufu ya hapo ilipoteza kinga yote. Sheria ililainisha ukingo huo kidogo kwa kuipa kampuni iliyopungukiwa kwa kiasi kidogo nafasi ya kuongeza gawio baada ya kupewa taarifa. Hata hivyo umbo lake lilibaki kuwa la kizingiti. Kwa hiyo tafsiri isemayo kwamba kodi hutozwa kwa kiasi kilichopungua, ingawa inasomeka vizuri, imebadili sheria.

Sasa kitenzi. Katika lugha ya sheria za Kiingereza kampuni husemwa kuwa imekosa kufanya jambo kwa neno lilelile linalotumika kwa mwanafunzi aliyeanguka mtihani. Mfasiri huliona, na kalamu yake huandika papo hapo: kampuni iliyoshindwa kugawa faida. Kiswahili hakikubali. Kushindwa ni kujaribu bila kuweza, au kuzidiwa nguvu. Mgonjwa ameshindwa kula. Mdaiwa ameshindwa kulipa. Kampuni iliyoshindwa kugawa faida, kwa sikio la Mswahili, ni kampuni masikini au iliyokwama, ambayo fedha zake zimefungwa katika mashine, au benki imeizuia, au mwaka umekuwa mbaya. Kampuni ya namna hiyo ndiyo hasa ambayo sheria hii iliiachilia. Iliyotozwa ni ile iliyoweza kugawa na haikugawa. Basi tafsiri sahihi ni isiyogawa, au iliyoacha kugawa, au, kama mwandishi anataka kuonyesha wajibu uliovunjwa, isiyotimiza sharti la kugawa. Waalimu wanaweza kulitumia jambo hili darasani kwa faida kubwa, maana kosa hili la kushindwa limeenea mbali na kodi: taarifa za habari zimejaa viongozi walioshindwa kuhudhuria mkutano, kumbe walikuwa nyumbani kwa hiari yao.

Kwamba kuweza ndio moyo wa kanuni kunaonekana katika msamaha uliowekwa na sheria ya India. Ofisa hakuruhusiwa kutoa amri ikiwa, kwa kuzingatia hasara za miaka iliyopita au udogo wa faida iliyopatikana, kulipa gawio au kulipa gawio kubwa zaidi kusingekuwa jambo la busara. Neno la Kiingereza lililotumika hapo halina kifani kimoja katika Kiswahili. Wengine hutumia la haki, wengine linalofaa, wengine la kuridhisha. Mimi nachagua busara, kwa kuwa kinachopimwa ni uamuzi wa mfanyabiashara mwangalifu. Haki ni jambo la pande mbili zinazodaiana, na kuridhisha humfanya msomaji aulize ni nani anayeridhishwa.

Maneno ya msamaha huo yalikuwamo pia katika sheria ya kodi ya mapato ya Tanganyika ya mwaka 1950, kifungu cha 21. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 yalifikishwa London, mbele ya baraza la majaji lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa nchi zilizotawaliwa na Uingereza. Kampuni iliyohusika ilikuwa Williamson Diamonds, iliyochimba almasi Mwadui, Shinyanga, ambako mjiolojia wa Kanada, John Williamson, alivumbua mgodi mwaka 1940. Swali lilikuwa rahisi kulisema: sheria ilipotaja hasara za nyuma na udogo wa faida, je, ilimfunga mtoza kodi asiangalie kitu kingine chochote? Mambo mengine ya kampuni, kama vile kupungua kwa mtaji wake, yalikuwa na nafasi au hayakuwa nayo?

Baraza lilijibu kwa kuangalia neno ambalo halikuwapo. Lilikiri kwamba umbo la sentensi laweza kumfanya mtu adhani ni mambo mawili tu. Lakini sheria haikusema kwa kuzingatia mambo hayo peke yake, na haiwezekani kupima busara ya gawio kwa kuyatenga mambo mawili na kufumba macho kwa mengine. Yale mawili yalitajwa ili yasisahaulike kamwe. Mengine yote yanayohusu busara yaliruhusiwa kuingia, na hasara ya mtaji, ikithibitishwa, ni mojawapo.

Mfasiri asome tena aya iliyotangulia, kisha afikirie ni mara ngapi tunatia tu, pekee au basi kwa ajili ya mahadhi ya sentensi. "Kwa kuzingatia tu hasara na udogo wa faida" husikika vizuri. Pengine husikika vizuri kuliko asilia. Lakini silabi hiyo moja ingetosha kuigeuza hukumu, na kampuni ingenyimwa haki ya kueleza mahitaji yake. Katika hadithi neno tu ni pambo au msisitizo. Katika sheria ni ukuta.

Mahakama ya Juu ya India iliutegemea uamuzi huo wa Tanganyika mwaka 1965, katika shauri la Gangadhar Banerjee, ikaongeza jambo lake. Ofisa wa kodi, ilisema, ajiweke mahali pa mfanyabiashara mwangalifu au mkurugenzi wa kampuni, na asifikirie hazina ya serikali peke yake. Tena, udogo wa faida hupimwa kwa faida halisi ya biashara, si kwa mapato yanayokadiriwa kwa ajili ya kodi. Viwili hivyo hutofautiana mara nyingi: ofisa anaweza kukataa gharama fulani zisitolewe katika hesabu ya kodi, na mapato yakaongezeka katika karatasi zake, ilhali fedha hizo zimekwisha kutumika na hazimo tena sandukuni. Huwezi kumgawia mtu fedha iliyokwisha kutumika. Kwa hiyo anayefasiri matini za namna hii asibadilishane faida na mapato kwa kuogopa kurudia neno. Tumefundishwa shuleni kwamba kurudia neno ni udhaifu wa insha. Katika sheria ni uaminifu.

Sheria ya Marekani inauliza swali jingine, na ndipo neno kulimbikiza linapopata nafasi yake. Haitaji asilimia inayopaswa kugawanywa. Inauliza kama kampuni iliacha faida irundikane kupita mahitaji ya busara ya biashara, kwa nia ya kuwaepusha wanahisa na kodi. Hivi leo kodi hiyo ni asilimia 20, na kampuni nyingi huruhusiwa kurundika hadi dola 250,000 bila kuulizwa. Kiswahili kina maneno mawili kwa tendo hilo moja. Anayeweka akiba husifiwa, anayelimbikiza hutiliwa shaka. Akiba inangoja haja, limbikizo linazidi haja. Ubishi wote wa mahakamani ni kuhusu lipi kati ya maneno hayo mawili linaistahili fedha iliyomo katika hesabu. Mwaka 1965, katika shauri la kampuni ya Bardahl, mahakama ya kodi ilijaribu kuupunguza ubishi huo kwa hesabu: ni fedha kiasi gani kampuni huhitaji tangu inaponunua malighafi hadi wateja wake wanapolipa, kwa mzunguko mmoja? Kiasi hicho ni akiba halali, pamoja na mipango mingine ya kweli inayothibitika. Kinachozidi hakina maelezo.

Kuhusu nia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1969, katika shauri la Donruss, kampuni iliyotengeneza ubani wa kutafuna, kwamba si lazima kukwepa kodi kuwe ndilo lengo kuu. Yatosha kuwe mojawapo ya malengo. Neno lengo likiachwa bila kiambatisho, msomaji atalielewa kuwa lengo hasa, yaani kinyume cha kilichoamuliwa.

Marekani ilijaribu mara moja kwenda mbali zaidi. Mwaka 1936, chini ya Rais Franklin Roosevelt, iliweka kodi juu ya faida isiyogawanywa bila kuuliza nia wala mahitaji, kwa viwango vya asilimia 7 hadi 27, na haikuishia kwa kampuni za watu wachache. Wafanyabiashara walilalamika kwamba kampuni changa, isiyoweza kukopa benki wala kuuza hisa, hukua kwa faida yake mwenyewe, na kodi hiyo inaikata mguu. Mwaka 1938 ilipunguzwa mno, na 1939 ikafutwa. Lawama hiyo ilikuwa na haki. Kanuni isiyotofautisha akiba na limbikizo humwadhibu mwenye kiwanda kidogo anayetaka mashine ya pili kwa ukali uleule anaotendewa mwenye mali anayejificha.

India iliifuta kodi yake kuanzia tarehe 1 Aprili 1988, na Uingereza ikafuata mwaka 1989. Nchini India viwango vya juu vya watu binafsi vilikuwa vimeteremshwa katikati ya miaka ya 1980 hadi asilimia 50, na tofauti iliyokuwa imeizaa kanuni ikawa imepungua.

Kenya haikuifuta. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya nchi hiyo kimehifadhi njia ile kongwe ya kuhesabu, si ya kodi ya ziada, kwa hiyo anayeandika kuihusu asiite kodi mpya. Kwa maneno yangu kinasema hivi: iwapo Kamishna ana maoni kwamba kampuni, ndani ya muda wa busara usiozidi miezi 12 baada ya kipindi chake cha hesabu, haikuwagawia wanahisa sehemu ya mapato ambayo ingeweza kugawanywa bila kudhuru mahitaji ya biashara, anaweza kuagiza kwamba sehemu hiyo ihesabiwe kuwa imegawanywa kama gawio. Tazama vitenzi: haikugawa, ingeweza, anaweza, ihesabiwe. Cha kwanza hakisemi ilishindwa, na cha tatu kinampa Kamishna hiari, si lazima. Ofisa wa India chini ya kifungu cha 104, sharti lilipokosekana na msamaha haukuwapo, aliandikiwa kwamba atatoa amri. Kati ya anaweza kuagiza na ataagiza kuna nafasi ambamo kampuni inaweza kwenda kujieleza, na mfasiri asiizibe.